Vitabu Vinne vya Hesabu na Kitambaa Kimoja

Hadi leo nikinusa kitambaa kibichi kilichofutia chaki, nafungua dirisha. Ni harufu ya vumbi na maji yaliyolala, na kwangu imechanganyika na harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao mama aliwaloweka kwenye bakuli kila asubuhi kabla ya kunifundisha. Tulikaa Evere, mtaa wa Brussels, ghorofa ya tatu, wawili tu, na mwaka niliotimiza miaka tisa meza ya jikoni ndiyo ilikuwa darasa langu. Upande mmoja bakuli la samaki, upande mwingine ubao mdogo mweusi wa kuandikia kwa chaki, ambao mama aliusaka Brussels nzima kwa sababu hakuamini kwamba mtoto anaweza kujifunza hesabu bila huo. Nje mabasi yalipita na watoto wenye mikoba mgongoni. Mimi niliwahesabu kupitia dirishani, na hiyo pengine ndiyo hesabu pekee niliyoifanya kwa raha msimu huo.

Tulifika hapo kwa sababu ya mazungumzo mafupi. Mwishoni mwa darasa la tatu, mwalimu wangu alimwita mama akamwambia, kwa sauti laini kabisa, kwamba hesabu zangu haziendi mbele, kwamba ninakaa kimya mno, na kwamba huenda ingenifaa shule maalumu, ile ya watoto wenye shida ya kujifunza. Mama, ambaye alifundisha shule ya msingi Bukavu kabla ya vita kutuhamisha, alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akanishika mkono tukatoka. Alilipuka tulipofika kituo cha basi. “Mutoto wangu haiko mujinga! Mi ndjo nilimuzala, najua.” Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri basi alisogea pembeni. Likizo hiyo mama aliandika barua kwamba atanifundisha nyumbani mwenyewe. Sheria iliruhusu, mradi mkaguzi anipime majira ya kuchipua. Nikishindwa, ningepimwa mara ya pili. Nikishindwa tena, ningerudishwa shuleni, na sote wawili tulijua ni shule gani iliyokuwa ikinisubiri.

Ndipo ilipoanza homa ya vitabu. Cha kwanza mama alikipata sokoni Flagey, kitabu kikuukuu chenye jalada la kijani, kimejaa hesabu za matangi yanayovuja na treni zinazokimbizana. Alikifurahia kwa sababu kilifanana na kile alichosomea yeye. Baada ya wiki tano aliniona nikilia juu ya tangi, akakifunga. Cha pili aliagiza Ufaransa, kizuri, chenye picha za rangi, lakini kilipofika kwenye sabini na tisini kikahesabu kwa Kifaransa cha huko na si cha kwetu. Mama aliudhika kama aliyetukanwa. “Sisi tunasema septante, nonante! Bukavu ni vile, na hapa Bruxelles ni vile. Hii kitabu inatafuta nini kwangu?” Cha tatu kilikuwa kijitabu chenye sanduku la vijiti vya rangi, zawadi ya bibi mzee ambaye mama alikuwa akimtunza mchana kwa mshahara. Mimi nilijenga nyumba kwa vijiti hivyo, na sanduku likapanda juu ya kabati. Cha nne alituletea Rehema, Mtanzania wa ghorofa ya pili, kurasa alizochapisha kazini kwake, za Kiingereza tupu. “Mama Furaha, hii syllabus ni nzuri sana, wanangu wote wamepita humo,” alisema. Mama hakujua Kiingereza, ila alizipokea. Furaha ni mimi, na jina hilo halikunikaa vizuri mwaka ule. Kila kitabu kipya kilimaanisha kuanza upya ukurasa wa kwanza, na kila tulipoanza upya nilizidi kuamini kwamba tatizo ni langu.

Ila kitu kimoja hakikubadilika kitabu baada ya kitabu, nacho ni namna mama alivyofundisha. Aligonga meza kwa rula, akasema hesabu, nami nikaandika jibu ubaoni. Akigonga tena, nainua ubao juu. Jibu likiwa sahihi, hakusema neno, aligonga hesabu inayofuata. Likiwa na kosa, aliuliza tu: “Ni vile?” Basi nashika kitambaa, nafuta haraka, naandika jingine. Hakunipiga wala kunifokea. Huko Bukavu darasa lake lilijaa watoto hadi dirishani, na kusifia kila mmoja kungekula siku nzima. Nilimpenda mno, na niliuogopa mno ule ubao ukiwa juu hewani, zile sekunde mbili kabla ya kujua kama atanyamaza au atauliza.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole mwenye kilemba cha bluu shingoni, au tuseme skafu, maana mama aliiita kilemba tangu siku hiyo. Ofisini kwake mama aliruhusiwa kukaa karibu na mlango, bila kuzungumza. Nilikuwa nimebeba ubao wangu, na mkaguzi akacheka akasema niutumie. Aliniuliza tisini na sita gawa kwa nane. Niliandika kumi na mbili, nikainua. Akauliza kwa Kifaransa, akitabasamu: “Una hakika?” Mkono wangu haukungoja. Nilifuta, nikaandika kumi na nne. Akaniuliza la pili, nikajibu sawasawa, akataka nimweleze nimelipataje. Nikafuta. La tatu, nikafuta. Sijawahi kuuona uso wa mama kama ulivyokuwa siku ile, mdomo umebanwa, macho yanafuata kitambaa kinavyokwenda na kurudi. Kila jibu lililokuwa sahihi alilishuhudia likifa mbele yake, na hakuruhusiwa kupiga kelele. Nilishindwa.

Tulirudi kwa basi. Nilijua atatafuta kitabu cha tano, na nilitamani kushuka nitembee kwa miguu mpaka mwisho wa mji. Tulipofika nyumbani hata koti hakuvua. “Majibu ilikuwa ya kweli, Furaha. Juu ya nini ulikuwa unafuta?” Nikamwambia sababu ya kweli, kwamba mtu mzima akiuliza mara ya pili ni kwamba umekosea. “Nani alikufundisha hivyo?” Macho yangu yalikwenda kwenye rula iliyokuwa mezani. Nilimwona akielewa. Aliketi taratibu, akaitazama naye. “Bon,” alisema, “donc, kumbe haikuwa kitabu.” Alilia kidogo, akanawa uso, akarudi kwa samaki zake.

Kesho yake alirudi kwenye kile cha kijani cha Flagey na hakukibadilisha tena. Rula iliingia droo. Kitambaa kilihamia mfuko wa kitenge chake, na aliuliza “Ni vile?” kwa kila jibu, zuri na baya. Nikitaka kufuta, ilinibidi nikiombe. “Unataka kitambaa? Bon, kwanza uniambie juu ya nini.” Nikikosa sababu, jibu lilibaki. Wiki za mwanzo nilikiomba karibu kwa kila jibu. Mwezi wa sita tulirudi kwa mkaguzi yule yule wa skafu, na nilitetea majibu yangu yote, pamoja na moja lililokuwa bovu kabisa, ambalo nililipigania mpaka akaweka kalamu chini akacheka. Nilipita. Mama alinunua keki, akaila karibu yote yeye.

Sasa mimi ndiye mama. Tunakaa Berchem-Sainte-Agathe, mtaa mwingine wa Brussels, na kuanzia Septemba nitamfundisha binti yangu Neema nyumbani mwaka mmoja, kwa kuwa kelele za darasa zinamchosha hadi anarudi bila sauti. Zamani mama alitafuta vitabu kwa miguu na basi. Mimi ninavyo vyote kwenye kompyuta, na hiyo haijanipa usingizi. Nimeshaagiza vitabu vitatu vya hesabu na kufuta oda zote tatu, kila moja baada ya kusoma maoni ya mzazi mmoja nisiyemjua. Jumapili iliyopita niliagiza cha nne. Neema alikuja akaegemea bega langu, akatazama picha ya jalada.

“Ndicho hiki, maman? Una hakika?”

Aliuliza tu, bila nia yoyote. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kughairi. Mama, ambaye anazeeka na bado anasikia kila kitu, aligeuza kichwa kutoka kwenye sofa.

“Furaha. Kwanza uniambie juu ya nini.”

Nilitafuta sababu. Nilitafuta kweli, kidole kikiwa pale pale juu ya kitufe. Sikuiona, nikaondoa mkono.