Kibandiko Kilichochelewa

Karani wa masijala ana droo moja yenye ufunguo. Ndani mna gundi, kamusi ya Kiingereza iliyokatika mgongo, na bunda la vibandiko vyekundu vilivyoandikwa URGENT. Faili lenye kibandiko hicho huenda karakana, kwa mafundi wa matengenezo, siku hiyohiyo. Lisilo nacho hungoja zamu yake, na zamu huweza kuchukua mwezi.

Mkuu wake wa kwanza, mama mkali aliyekwisha kustaafu, ndiye aliyemfundisha kukitumia. Walisoma pamoja kwenye kamusi: jambo la dharura, lisilongoja. Kisha mama yule akaifunga.

"Hiyo ni ya wenye kamusi. Wewe shika hii: ni jambo ambalo likilala leo, kesho litaamka limekuwa jingine. Kitasa kibovu kikilala, kinaamka kitasa kibovu. Waya ulio wazi ukilala, unaamka msiba. Umeelewa, mwanangu? Vitatu kwa siku, basi."

Vitatu vilidumu miaka miwili. Akaja shemeji yake, ofisi yake ina dirisha lisilofunga. Akaja mhasibu mwenye kelele. Wengine walikuja na maneno matamu tu: "Dada, nibandikie na mimi, kwani gundi itaisha?" Karani hakuwa na moyo wa kunyima watu. Zamani karakana walitia saini kwa kila faili jekundu kuonyesha limefika; yalipozidi, wakaacha. Fundi mkuu, ambaye wote humwita Bisibisi, alipokea rundo lake kwa kicheko: "Leo tena nyumba yote inaungua?"

Barua ya shule ilifika Jumatatu. Mwalimu mkuu, mtu mpole, aliandika kwamba kishikio cha ngazi ya jikoni kimelegea, "nasi tutashukuru mkipata nafasi." Karani aliisoma yote. Kwenye dirisha la masijala hapakuwa na mtu wa kumbembeleza, akaitia failini, akaliweka chini ya rundo. Asubuhi hiyohiyo alibandika chekundu kwenye faili la shemeji, kwa mara ya pili.

Siku ya kumi na tisa, mpishi wa shule alishuka ngazi na sufuria mkononi. Akaegemea kishikio, kikang'oka naye. Nyonga ikavunjika.

Kesho yake meneja alitaka aletewe faili la barua ile saa nne. Saa nne kasoro dakika kumi karani alifungua droo, akalibandika chekundu, akapitisha kidole gumba juu ya karatasi mpaka ikalala.

"Lilikwenda karakana," alimwambia meneja, "likarudi halijaguswa."

Bisibisi akaandikiwa ajieleze ndani ya siku tatu.

Siku ya pili alikuja dirishani. Hakucheka.

"Dada, nipe karatasi mbili. Moja ya kukosea."

Karani akahesabu karatasi mbili polepole, kama mtu anayetafuta ya tatu.

"Nimelitazama lile faili," Bisibisi alisema. "Jekundu, linawaka kabisa. Wala silikumbuki, haki ya Mungu. Jana nilikwenda hospitali kwa yule mama mpishi, nikamwambia ni mimi, nilipitiwa. Unajua kanijibu nini? 'Kaka yangu, wanasema kuteleza si kuanguka. Mimi nimefanya vyote viwili, na bado sikulaumu.' Kacheka, dada, na mguu umefungwa hivi!"

"Kaka..."

"Ngoja nimalize. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, ila naandika niache kazi sasa. Macho yakianza kuruka mambo, ipo siku nitaua mtu."

Linawaka. Karani alijua kwa nini. Kwenye mafaili yaliyokwisha kurudi, vibandiko vya mwezi huo vilikuwa vimeshapauka kwa jua la dirishani, kimoja tu kilikuwa kipya, na katika jengo zima hakuna aliyejiuliza.

"Nirudishie karatasi," alisema.

"Hujanisikia?"

"Nimekusikia. Nirudishie. Macho yako ni mazima, kaka. Faili lile hukuliona kwa sababu halikutoka humu ndani."

Bisibisi aliziacha karatasi juu ya ubao wa dirisha. Alimtazama tu, na karani akatamani angetukana.

Karani alichukua ufunguo wa droo, akapanda ghorofani. Meneja alikuwa anakusanya makabrasha yake.

"Mama, nina kikao. Si ungekuja kesho?"

Karani aliuweka ufunguo mezani.

"Hapana, mzee. Hili likilala, litaamka limekuwa la Bisibisi."