Siku Mama Alipohesabu Watoto

Nilikuwa fundi wa redio jeshini, kijana wa majivuno na viatu vya kung'aa, nilipoambiwa nitahamishiwa chumba cha mawasiliano ya siri iwapo nitapita uchunguzi. Wangeuliza kila kitu: marafiki, chama, ukoo. Swali moja ndilo lililoninyima usingizi. Je, una ndugu katika nchi za kikomunisti?

Nilikuwa naye. Alikuwa Urusi akisomea uhandisi. Ukitaka kupekua sana, ni mtoto wa baba yangu mdogo, lakini mama yake alifariki akimwacha mchanga, na mama yangu akatunyonyesha sote wawili. Ungemwita binamu yangu, angecheka mpaka akae chini. Nikajibu sina. Nilijidanganya kwamba wanauliza tumbo, hawaulizi titi.

Kisha nikaomba likizo, nikakimbilia nyumbani Nyamasaria kumpanga mama ajibu kama mimi. Alinisikiliza huku akichambua njugu.

"Kwa hivyo huyo tunatupa?" akauliza.

Nikamwambia ni maneno tu ya kazi. Neno lake lilinikasirisha kwa sababu lilikuwa sahihi.

Mpelelezi alikuja kabla sijarudi kambini. Nilipoona gari linaingia, mimi askari mzima nilijificha jikoni kwenye moshi, machozi yakinitiririka. Mgeni alikuwa mtu wa Pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka.

"Mama, umejaaliwa watoto wangapi?"

Kwetu mama haulizwi hivyo. Watoto hawahesabiwi, kuwahesabu ni kuita kifo kije kupunguza. Mjanja mimi, nilipompanga, hilo halikunijia kichwani kabisa.

"Watoto ya mtu haihesabiwi, bwana."

"Ni kazi tu, mama. Wa kiume ni wangapi?"

Nilitamani kutoka nikamwokoe, na miguu ikakataa, maana nilikitaka kile chumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Moja," akasema. "Mimi iko na kijana moja tu. Hiyo ya jeshi."

Gari lilipoondoka hakuja jikoni. Alinawa mikono, akainawa tena, na siku ile hakula. Mimi nilikula. Nilikuwa na furaha, na furaha ile inaniuma hadi leo kuliko uongo wenyewe.

Kibali kilitoka, na cheo kikafuata.

Ndugu yangu alirudi mwanzoni mwa miaka ya sabini na shahada yake, na kila kazi ya serikali aliyoomba ikamponyoka. Tulikutana kwa mama, tukawekewa samaki wa ngege na kuon, ule ugali wetu. Katikati ya chakula akaanza kucheka.

"Omera, ndugu yangu, hawa watu ni wa ajabu. Waliniuliza kama niko na ndugu jeshini. Nikasema ndiyo, niko na mmoja, tumenyonya pamoja. Sasa wanasema wamecheki huko jeshini kwenu, hakuna kitu kama hiyo. Ati mimi ni mwongo, siwezi kuaminiwa."

Mama aliinuka, akaanza kuondoa sahani ambazo hatujamaliza.

"Hiyo ni makosa ya makarani wenu," ndugu yangu akaendelea, akiniwekea mkono begani. "Wewe uko ndani. Nenda tu uwaambie mimi ni nani."

Nikamwambia nitaenda Jumatatu.