Mgomba Uliovaa Shati

Mama alikubali kulia kwenye filamu kwa sharti moja: asimlilie mwanawe. "Minye nitalia ya uongo tu," aliwaambia wenye filamu. "Ya kweli iko ya muntu mwenye alikufa. Mutoto yangu hajakufa."

Kaka yangu, kifungua mimba wake, aliondoka na waasi miaka ile baada ya uhuru. Walimnyunyizia maji ya dawa, wakamwambia risasi zitageuka matone ya mvua, naye akashika njia ya Bwegera pamoja na wenzake. Hakurudi. Kwetu mtu akipotea hivyo, ukoo hukata mgomba, huuvika nguo yake, huuzika, na matanga yakaisha. Wajomba walikuja mara nyingi na panga, wakiomba mgomba wetu. Mama aliwafukuza kama kuku. Kila jioni alimpakulia kaka chakula chake, nami, mtu mzima mwenye mvi, niliosha sahani isiyoliwa na mtu. Nilichoka, nasema wazi.

Ndipo wakaja watu wanne kutoka Lubumbashi na kamera moja. Walikuwa wanatengeneza filamu kutokana na riwaya ya mwalimu mmoja wa Uvira kuhusu uasi ule. Tajiri wa kuwalipia hawakuwa naye. Kila kitu waliazima. Walipouliza nguo za enzi zile, mama, ambaye hata mimi hakuniruhusu kugusa sanduku lake, aliwatolea shati la kaka. "Batu bamuone," alisema. Mwigizaji alilivaa akapita uani, akitupa mgongo. Mabega yalikuwa yale yale ya kaka.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kumzika yule mwasi wa riwaya. Mwigizaji alikataa katakata kulala ndani ya shuka na kushushwa kaburini, mpumbavu hakuwa. Mkubwa wao akatafuta kitu chenye uzito wa mtu, akaona mgomba nyuma ya jiko letu. Aliukata bila kuuliza. Na kwa kuwa alitaka mkono wa shati uchungulie nje ya shuka, akauvika.

Asiyejua maana haambiwi maana.

Tulisimama wanawake kando ya shimo, juu ya mtaa wa Kimanga, ziwa limetulia kule chini, tukilia kilio chetu cha kuazima. Walipouteremsha ule mzigo, shuka iliteleza. Mkono wa shati ukaning'inia, na kwenye ncha yake kifungo ambacho mama alikishona kwa uzi mwekundu. Wanawake wote walinyamaza kwa pamoja, bila kuambiana. Udongo ukaanza kuanguka juu ya shati, nasi tukausikiliza.

"Kupe!" mkubwa akapiga kelele, yaani kamera isimame. "Mama, haukulia! Tufukue, turudilie."

Mama alikuwa ameshaketi chini. "Weye, muntu akishazikwa hafukuliwe," alisema taratibu. Kisha akanigeukia. "Lete wembe."

Nilimnyoa nywele pale pale, kama anyolewavyo mfiwa, huku nikiwatukana wageni matusi yote niliyokuwa nayo. Mama hakudondosha chozi.

Jioni tulipakua sahani mbili tu, yangu na yake. Giza lilikuwa halijaingia bado. Mlango ukagongwa polepole, na sauti ya mwanamume ikaita, "Mama."

Kila mtu huku humwita hivyo mwanamke wa umri wake. Huenda alikuwa mmoja wa wale watu amekuja kuomba radhi. Lakini wao walikuwa na lafudhi ya Lubumbashi, na sauti hii ilikuwa ya nyumbani kwetu. Nilianza kuinuka. Mama akanishika mkono.

"Usiitike," alinong'ona. "Tulishamuzika."

Ikaita tena, mara moja. Kisha nyayo zikaondoka kuelekea ziwani. Mama, aliyekuwa akiukimbilia mlango ule kila ulipogongwa, alirudisha tonge kwenye sahani, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Safari hii ya kweli.