Radi na Kichwa Chake

Mwaka nilioanza kazi gerejini, kaka yangu alimvunja taya fundi wa kuchomelea, na sababu aliyotoa ni kwamba yule bwana alikuwa anapiga mluzi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, wakampa jina la Radi. Likamkaa, naye akalipenda, na ubaya wote ulianzia hapo.

Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari. Mimi mdogo wake ni fundi rangi, napokea gari likitoka mikononi mwake. Mlango ukija umebonyea, anashika kipande cha chuma kwa ndani na nyundo kwa nje, anagonga, anapapasa kwa kiganja, anagonga tena. Kutwa nzima ni hivyo. Ukitaka kusema naye, sharti upige kelele kuushinda mlio wa bati. Na mtu huyo ana kipandauso tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Mimi najua kwa sababu tulilala chumba kimoja. Kwanza anaona mwanga unamkatakata upande wa kushoto kama meno ya msumeno. Kisha jicho linaanza kumuuma hadi anatapika. Jua, mluzi, harufu ya rangi yangu, vyote vinamchoma. Ukimgusa wakati huo, unajitafutia. Nina jino moja la bandia, na kosa langu lilikuwa kumwuliza kama amekula.

Watu walimjua kwa hasira, naye aliona bora iwe hivyo. Pande la mtu kama yeye lilazwe chini na kichwa? Angechekwa. Basi akajikaza kisabuni. Alimeza vidonge vya maumivu asubuhi, mchana na jioni, akaenda kutapika nyuma ya gereji, na akirudi ole wake atakayekuwa karibu. Nilihesabu vioo vitatu, redio moja na mbavu za dereva mmoja.

Siku moja nilimburura hadi zahanati. Daktari hakumficha kitu. "Hivi vidonge unavyokula kila siku ndivyo vinavyokirudisha kichwa," alimwambia. "Viache, nitakupa dawa nyingine. Lala kwa wakati, usishinde na njaa, kunywa maji, ziba masikio ukiwa kazini."

"Mimi si mgonjwa," Radi akamjibu. "Mimi nina hasira tu." Akatoka. Daktari akanigeukia mimi, nami nikamfuata kaka yangu.

Radi ana binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Alipewa jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Mama. Muhula huu Mama alianza kulaza kichwa juu ya dawati, na mara mbili alirudi nyumbani ametapikia sare. Shemeji, mke wa Radi, alisema ni malaria. Radi alisema ni uvivu, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya ndoo. Nilikuwepo. Mtoto hakulia, alibana tu jicho la kushoto kwa kidole gumba, vilevile anavyobana baba yake. Mimi nikaona, na Radi akaona. Akatoka nje.

Jumanne, saa nne asubuhi, simu ikapigwa kutoka shuleni. Mwalimu wa hisabati alikuwa amemchapa Mama fimbo sita kwa kulala darasani, na Mama akamtapikia viatu. Mzazi afike mara moja. Radi akaondoka vilevile na mafuta yake mikononi, anatembea yeye, nakimbia mimi.

"Nitamuua huyo mwalimu," akasema.

"Kaka, we waambie tu mtoto anaumwa nini."

"Nitamuua."

Ofisini, Mama alikuwa amelala kwenye benchi kando ya kabati la chuma, sweta limemfunika uso, viganja vimevimba. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alianza kwa upole. "Baba, karibu. Huyu mtoto ana nini? Kama ni ugonjwa, tuambie. Kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivi?"

Jibu lilikuwa maneno mawili matatu, na mwenye nalo alikuwa amesimama pale, midomo inamcheza.

Mwalimu wa hisabati, aliyesimama mbele ya kabati, akadakia. "Ugonjwa gani? Jeuri tu hiyo, amerithi kwao."

Radi alimkamata tai akambamiza kwenye kabati. Bati likalia ofisi nzima. Akambamiza tena, damu ikamruka puani. Mwalimu mkuu akapiga yowe. Nikamrukia kaka yangu mgongoni, akanipukusa nikaangukia meza. Akambamiza mara ya tatu, mara ya nne, na sitawadanganya, moyo wangu ulifurahi. Nilizikumbuka zile fimbo sita.

Kisha nikasikia sauti nyingine, ya chini. Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi, amejikunja sakafuni, amebana masikio kwa viwiko, na kila bati lilipolia mwili wake wote ulikuwa ukiruka. "Baba, basi," alikuwa anasema. "Kelele, Baba. Kichwa. Basi." Sijui alikuwa amesema mara ngapi.

Radi alimsikia. Mle ofisini hakuna aliyejua kuliko yeye mlio ule unafanya nini ndani ya kichwa kile. Akaachia tai, mwalimu akateleza hadi chini, ameshika pua. Radi akapiga magoti kando ya binti yake, akafungua mdomo, ikatoka ile sauti yake ya gerejini, na mtoto akajikunja zaidi. Radi akaimeza sauti hiyo. Akaanza upya kwa kunong'ona, machozi yakimtiririka mbele yetu sote.

"Ni kipandauso, mwalimu. Ninacho mimi. Kakitoa kwangu."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshainua simu kuwaita polisi.

"Wapigie," Radi akanong'ona. "Sikimbii. Ila nakuomba, kazungumzie nje."