Kilo Kumi za Mjomba

Pale gatini mjomba wangu anaitwa Kumi. Mimi ni mtoto wa dada yake, lakini tukiwa kazini hata mimi namwita hivyo. Miaka ishirini na miwili amezamia na mkanda wenye kilo kumi za vipande vya risasi, metali nzito ya kumshusha mpiga mbizi, hapunguzi wala haongezi. Akifika kwenye dirisha la stoo yangu ya vifaa hasemi neno, ananyoosha vidole vyote kumi, nami namwekea vipande vyake.

Asubuhi ile alikuwa ametoka likizo ya miezi miwili. Alituaga kwamba anakwenda kumalizia nyumba. Kazi ilikuwa kuondoa wavu ulionasa kwenye nguzo za gati, mita kumi na nne chini, tope tupu. Akanyoosha vidole, nikampa risasi zake, akafunga mkanda. Hapo ndipo nilipoona. Mkia wa mkanda, ule unaobaki baada ya bizimu, siku zote hauzidi upana wa kiganja. Siku hiyo ulining'inia hadi pajani.

Nyumba gani hiyo inayomla fundi badala ya saruji?

Mafuta ya mwilini huelea. Yakiisha, risasi zilizokuwa zikikutosha zinakuwa mzigo. Mtu aliyezidisha uzito anajaza hewa kwenye vesti ya kuelea ili asizame topeni, anapigana na maji, anamaliza mtungi wa hewa kabla ya kazi kwisha. Niliona wazi kwamba mjomba akishuka na kumi zake, huenda asipande tena.

"Tupime upya," nikamwambia.

"Kupima nini? Mimi mwanafunzi?"

"Aliyekaa nje zaidi ya mwezi anapimwa. Imeandikwa hapo ukutani, na aliyeandika ni wewe."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akainama dirishani, akashusha sauti. "Mpwa wangu, usinivue nguo mbele za watu."

Nilikasirika. Mtu aliyenifundisha kazi hii ndiye anayetaka nifumbe macho! "Heri nikuvue nguo hapa kuliko nikuvishe sanda," nikamjibu, tena kwa sauti. Kicheko kikakatika. Mkuu wa zamu akatoa kichwa ofisini, akasema apimwe, na upesi, wavu unasubiri.

Nikampa mtungi uliobakiwa na hewa kidogo. Hewa nayo ina uzito. Ukipima na mtungi uliojaa utajiona uko sawa, halafu wakati wa kupanda mtungi umekuwa mwepesi, unapaa juu bila kutaka. Nikamfunga kamba, akashuka ngazi mpaka majini. Vesti tupu, pumzi ya kawaida kifuani, miguu imetulia: maji yanatakiwa yaishie usawa wa macho.

Akaachia ngazi, akaenda chini moja kwa moja. Kilizama kichwa, ukazama mkono, yakabaki mapovu. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote, na nilipopiga kelele nilimwita mjomba, sikumwita Kumi.

Aliibuka akihema. Nikampunguzia kilo moja, akazama. Nikaondoa ya pili, akazama polepole zaidi. Nilipotoa ya tatu maji yalisimama kwenye macho yake, tukatazamana kupitia kioo cha barakoa. Akatoa pumzi, akashuka taratibu inavyotakiwa, akarudi juu.

"Saba," nikasema.

"Haya, saba," akaitikia mkuu wa zamu, ambaye sasa alikuwa ametoka ofisini, akiandika daftarini. "Mbadilishie mtungi, ashuke."

Mjomba hakusogea. Aliinamia ngazi, maji yakimchuruzika ndevuni. "Mwambie mwenzangu avae yeye," akaniambia. "Mimi leo sishuki."

Nikachutama hadi usawa wake. "Unaumwa nini, mjomba?"

"Sijui. Hospitali walichukua vipimo. Majibu yapo tayari, wiki ya tatu sasa nayakwepa." Akafungua bizimu, akanikabidhi mkanda. "Nilidhani nikivaa kumi, basi bado ni mzima."

Nikamwambia kesho nitamfuata nyumbani kwake saa moja asubuhi twende tukachukue majibu, na mama nitakuja naye. Alifungua mdomo kukataa. Kisha akatazama vile vipande vitatu nilivyoviacha sakafuni.

"Njooni saa kumi na mbili," akasema. "Saa moja mtanikuta nimeshabadili mawazo."