Jioni Mama Alipoiona Setilaiti

Harufu ya vitunguu vibichi na udongo uliolowa ndiyo iliyokuwa harufu ya kwetu, juu ya Bigwa, kwenye miteremko ya Uluguru. Nilikuwa darasa la nne habari zilipopanda kutoka mjini kwamba Wazungu wamerusha nyota ya chuma. Njiani zikaongezewa chumvi: itadondoka, itaunguza mashamba. Majirani wakaanza kukata kabichi ambazo hazijafunga vichwa. Mama yangu, mjane aliyelima ardhi ya ukoo wake kwa mikono yake mwenyewe, alikataa. "Siwezi kuharibu chakula cha watoto kwa jambo nisilolijua," alisema. "Nitamwuliza mwalimu."

Mwalimu Kondo, aliyetufundisha jiografia, alikuwa na darubini ndogo aliyoazimwa na padri wa misheni. Akawaita wazazi uwanjani jua lilipozama. Watu wakapanga mstari kuutazama mwezi, na kila aliyeyaona mashimo yake alishika kichwa. Mama hakupanga mstari. Alikaa kwenye nyasi, macho juu, kama alivyozoea kutazama mawingu ya mvua.

"Mwalimu, ile pale inatembea!" Mama akaita, akionyesha kwa kidole.

Tukageuka wote. Nuru ndogo ilikuwa ikikata anga kimyakimya. Mwalimu akahangaika kuigeuza darubini. Kabla hajaipata, ikapotelea nyuma ya mlima.

"Umenishinda, Mama Agata," akasema akicheka.

"Sasa niambie. Hicho chombo chako kinatazama mbali. Na kile kinatazama nini?"

"Hakitazami kitu, mama. Darubini inabaki hapa chini, inatuletea karibu kilicho mbali. Setilaiti, hiyo mnayoiita nyota ya chuma, imetumwa huko juu, inaizunguka dunia na kutuma mlio unaosikika redioni."

"Ikianguka je?"

"Itaungua hukohuko juu kabla ya kutufikia."

Mama akasimama, akakung'uta kanga, akawageukia majirani. "Mmesikia? Mimi kesho naenda kupalilia." Nao wakarudi mashambani. Msimu ule tuliteremsha sokoni kabichi ngumu kama mawe. Nilimfuata Mama na tenga kichwani, watu wakinong'ona, "Ndiye aliyeiona," nami nikatembea kifua mbele.

Baadaye nikawa mwalimu wa sayansi. Siku hizi setilaiti zinapima mawingu na kubeba sauti zetu, na darubini nyingine zimepandishwa hukohuko angani ili zione mbali zaidi. Wajukuu zangu huijua mvua ya kesho kwa kutazama simu. Wanajua mengi kuliko sisi, nami nafurahi. Ila wakiniuliza nani alikuwa mwanasayansi wa kwanza katika ukoo wetu, huwatajia mwanamke ambaye hakujua kuandika hata jina lake.