Spika ya Redio ya Bibi

Nilipaswa kumkatalia mwalimu. Aliponiambia nikailete redio ya bibi ili tutoe spika yake, jibu lilikuwa moja tu: haiguswi. Mimi nikasema, "Ndiyo, mwalimu," nikakimbia nyumbani.

Nililikumbuka hilo juzi, ndugu yangu, mjukuu wangu alipounganisha kompyuta yake mpya ikagoma kuwaka. Hakuita mtu. Alianza kwenye soketi, akaufuata waya mpaka ndani, kiungo baada ya kiungo. Nilimtazama nikaona jinsi sisi tulivyokuwa wapumbavu.

Tuliishi juu Uluguru, penye ukungu, harufu ya kabichi na moshi wa kuni mbichi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na shule ilitakiwa kujitegemea. Mwalimu wa sayansi akaleta vipuri kutoka mjini, tukaunda redio ya kijiji. Sanduku tulilichonga wenyewe, na kwa kuwa mgeni wa wilayani angekuja kuizindua, tukaagizwa tulipake rangi ya kijani ndani na nje. Tukapaka kwa bidii ya kijinga.

Siku ya mgeni tuliimba mpaka makoo yakakauka. Mwalimu akazungusha kitufe. Kimya. Hata ile taa ndogo ya mbele haikuwaka. Mtu mwenye akili angeuliza kama nguvu ya betri inafika. Sisi tukaitisha kamati.

"Imeharibika au imesusa?" akauliza mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwahi kufungua hata tochi.

"Mlima unaizuia, Mwenyekiti," akajibu katibu wake. "Tuipandishe kwenye paa."

Ikapandishwa, mgeni akiitazama kutoka chini kama mtu anayemngoja paka ashuke.

"Inaona haya wageni," akasema mama mmoja, "kama binti yangu." Watu wakacheka.

Kicheko kile kilimchoma mwalimu. Akatangaza, kwa sauti ya daktari bingwa, kwamba spika ndiyo mbovu. Hakuwa amepima chochote. Redio nyingine pekee kijijini ilikuwa ya bibi yangu. Mwenyekiti akasema cha mmoja ni cha wote, yeye ambaye mbuzi wake hawakuwahi kuwa wa wote.

Bibi alikuwa shambani. Kila mtu alijua redio ile ilikuwa na kazi gani kwake. Baba yangu alikuwa Tanga akikata mkonge, na bibi hakujua kusoma. Kila jioni, akimenya njegere, alisikiliza matangazo ya vifo mpaka jina la mwisho, kisha akasema, "Haya, mwanangu bado yupo." Ndipo tulipokula.

Tuliing'oa spika kwa bisibisi, karatasi yake ikachanika. Tukaifunga hivyo hivyo kwenye sanduku la kijani. Kimya kilekile. Mgeni akala kuku, akatusifu kwa moyo wetu wa kujitegemea, akaondoka.

Nilipoirudisha redio, spika ikiwa imefungwa tena ndani, bibi aliiwasha. Ikakoroma kidogo, ikanyamaza. "Mmeitoa ulimi," akasema, akaifunika kwa kanga. Mwalimu aliahidi kuleta spika nyingine kutoka mjini, kisha akahamishwa, na ahadi ikahama naye. Baadaye sana, lile sanduku likiwa limetupwa stoo, nililifungua. Rangi yetu ilikuwa imefunika vile vibati vinavyogusana na betri. Ilibanduka kwa ukucha. Wataalamu wote wale, nami nikiwemo, tulishindwa na rangi.

Jioni zile zimekwisha. Bibi hayupo, jiko lake limeota majani, na njegere zinazouzwa sokoni siku hizi hazina utamu ule. Lakini si hayo ninayoyalilia.

Masika yaliyofuata, jina la baba lilisomwa redioni. Watu wa mjini walilisikia. Sisi tulikuwa jikoni tunakula. Habari ilipanda mlima na mchuuzi wa chumvi, baba akiwa amekwisha kuzikwa na watu wasiomjua. Nilipopata nauli, nikiwa mtu mzima, nilikwenda Tanga kulitafuta kaburi. Kambi ya wakata mkonge ilikuwa imekufa, mkonge umegeuka pori, na hakuna aliyemkumbuka. Sikumzika baba yangu, na sijui alipolala.